Kipakatalishi Kipya Kinapochelewa Kuamka

Kila panapotajwa habari ya vipakatalishi katika shule zetu, mjadala huanza na idadi na kumalizikia kwenye bei. Ni shule ngapi zimepata? Ni shilingi ngapi zimetumika? Ni kampuni gani iliyopewa zabuni? Maswali hayo ni ya haki, kwani fedha ni za umma. Hata hivyo, lipo swali dogo ambalo mwalimu wa darasani hulijua vyema kuliko mheshimiwa yeyote: mtambo huu uliotoka dukani juzi, ambao bado unanukia upya, kwa nini unachukua muda huu wote kuwaka?

Udogo wa swali hilo ni wa sura tu. Chini ya Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, kipindi kimoja katika madarasa ya chini ya shule ya msingi ni dakika 30, katika madarasa ya juu ni dakika 35, na katika sekondari ya msingi ni dakika 40. Tuseme kipakatalishi kinachukua dakika saba tangu kibonyezwe hadi kiwe tayari kwa kazi. Mwalimu wa madarasa ya juu atakuwa amepoteza sehemu moja katika tano ya kipindi chake. Mtambo huo ukizungushwa katika madarasa matano kwa siku, na kila mara ukazimwa na kuwashwa upya, dakika zilizopotea ni 35. Hicho ni kipindi kizima kilichozikwa kila siku bila matanga.

Tena hasara hiyo haiwapati wanafunzi wote kwa kiasi kimoja. Hapa Kibarani, viungani mwa mji wa Kilifi, ipo shule ya watoto viziwi. Twaitaja si kwa kasoro yoyote, bali kwa kuwa shule za aina hiyo hutufunza uzito halisi wa jambo hili. Mtoto kiziwi hujifunza kwa macho. Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 iliitambua na kuiweka sambamba na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge, huzungumzwa kwa mikono, kwa uso na kwa mwili. Mwalimu wa wanafunzi wanaosikia anaweza kuendelea kueleza kwa mdomo huku vidole vyake vikihangaika na mtambo. Mwalimu wa viziwi hana nafasi hiyo. Mikono inayobonyeza vitufe ndiyo mikono inayozungumza, na uso ulioinamia kiwambo ndio uso ambao watoto wanausoma. Kipakatalishi kinapogoma mbele ya darasa kama hilo, somo zima hunyamaza.

Ndiyo maana tunasema kwamba ujuzi wa kutambua kwa nini mtambo mpya unachelewa kuamka haufai kuachiwa mafundi wa mjini peke yao. Ni sehemu ya kazi ya ualimu wa leo, na ni sehemu ya elimu ambayo mwanafunzi wa leo anastahili kupata.

Itakumbukwa kwamba safari ya mitambo hii katika shule zetu ilianza kwa ahadi kubwa. Muungano wa Jubilee, ulioingia madarakani mwaka 2013, ulikuwa umeahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa mwaka 2014, na mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016 vipakatalishi vya watoto vilikuwa vimegeuka kuwa tabuleti. Kila shule ilikusudiwa kupata tabuleti za wanafunzi, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na mtambo wa kuhifadhia masomo pamoja na kifaa cha kuvisambazia mtandao. Ulikuwa mwanzo si haba. Lakini aliyenunua ng'ombe na asinunue kamba amenunua nusu ya mali. Kifaa kilifika kikiwa na risiti na nambari ya usajili. Maarifa ya kukitunza hayakuandamana nacho kwa kiasi kile kile.

Tangu wakati huo walimu wengi wamejinunulia vipakatalishi vyao wenyewe, wengine kwa mikopo ya vyama vya akiba. Hawakufanya hivyo kwa anasa. Alama za upimaji wa shuleni hupelekwa kwa Baraza la Mitihani kwa njia ya mtandao, tathmini ya utendakazi wa mwalimu hujazwa mtandaoni, na maandalizi ya masomo huandikwa kwa tarakilishi. Mwalimu anayelipia deni la kifaa kila mwezi, kisha akakaa mbele ya kiwambo kinachozungusha vidoa vyeupe bila kikomo, ana haki ya kukereka. Tatizo ni hatua inayofuata. Aghalabu hukimbilia kibanda cha fundi, na fundi, bila kuuliza mengi, humwambia kwamba dawa ni kukipiga fomati. Mtambo hufutwa, huwekewa programu za wizi zilizonakiliwa kutoka flashi isiyojulikana ilikotoka, na hurudishwa ukiwa mwepesi kwa wiki moja. Alama za wanafunzi, maandalizi ya muhula mzima na picha za miradi ya watoto huwa zimekwenda na maji. Kisha wepesi nao hutoweka, kwa kuwa chanzo cha ugonjwa hakikutafutwa.

Basi na tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu. Nini hutokea mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia?

Wazee wa Kilifi wanayakumbuka maisha ya kabla ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Aliyetoka Mombasa alifika Mnarani na kusubiri feri. Hata gari liwe jipya namna gani na dereva awe hodari namna gani, halikuvuka mpaka zamu yake ifike. Foleni ndiyo iliyoamua saa ya kufika. Kipakatalishi nacho ni hivyo hivyo. Kinapowashwa, kwanza hujikagua viungo vyake; pili huita mfumo-endeshi, kwa wengi wetu Windows, kutoka kwenye diski; tatu, mwenyewe anapoingia kwa neno lake la siri, programu nyingi ndogo hukimbilia kuamka kwa wakati mmoja. Zote zahitaji kusomwa kutoka kwenye diski na kuwekwa katika kumbukumbu ya kazi, yaani RAM. Diski ndiyo kivuko. Kivuko kikiwa chembamba, au abiria wakiwa wengi mno, hapana budi foleni itokee.

Diski za zamani zina sahani inayozunguka na mkono unaosogea kutafuta data, kama sindano ya santuri. Mkono huo huchukua takriban elfumoja kumi za sekunde kufika mahali unapohitajika, kwa hiyo diski ya namna hiyo yaweza kuitikia maombi kama 100 tu kwa sekunde moja, ilhali kuamka kwa tarakilishi kunahitaji maelfu ya maombi madogo madogo. Diski za kisasa za aina ya SSD hazina kinachozunguka, nazo huitikia makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Hiyo ndiyo tofauti ya feri na daraja. Kuna pia hifadhi ya bei nafuu iitwayo eMMC, iliyogandishwa kwenye ubao wa mtambo wenyewe, ambayo hupatikana katika vipakatalishi vingi vya bei ya chini. Yenyewe ni bora kuliko diski ya sahani katika kuitikia maombi madogo, lakini haiifikii SSD nzuri, na mara nyingi ukubwa wake ni gigabaiti 64 tu, ambazo hujaa upesi.

Kutokana na maelezo hayo, mwalimu au mwanafunzi anaweza kuanza uchunguzi bila senti moja. Hatua ya kwanza ni kuchukua saa na kupima. Andika daftarini: imechukua muda gani tangu kubonyeza hadi nembo ya mtengenezaji ionekane, muda gani hadi mahali pa kuandika neno la siri, muda gani kutoka hapo hadi uweze kufungua faili na kuandika. Vipindi hivi vitatu ni mashahidi watatu. Ukawiaji ukiwa kabla au wakati wa nembo, tazama vilivyochomekwa: flashi iliyosahauliwa, diski ya nje au kifaa kingine. Baadhi ya mitambo hutafuta mfumo-endeshi kwenye flashi kwanza, na huzunguka bure kabla ya kurudi kwenye diski yake. Ukawiaji ukiwa kati ya nembo na neno la siri, shaka iangukie diski au mfumo wenyewe. Ukawiaji ukiwa baada ya neno la siri, washukiwa ni programu zinazojiamsha.

Hatua ya pili ni kukipa kifaa kipya muda wa kujipanga. Yafaa ieleweke kwamba siku mbili tatu za mwanzo si kipimo cha haki. Kipakatalishi kilichokaa ghalani miezi kadhaa hukuta visasisho vingi vikikisubiri mtandaoni. Huvipakua, huvisakinisha, hupanga faharasa ya faili zote ili utafutaji uwe rahisi, na programu ya kinga hukagua diski yote kwa mara ya kwanza. Kazi hizo zote hufanyika nyuma ya pazia huku mwenyewe akidhani ameuziwa mtambo mbovu. Dawa ni kukiunganisha na umeme na mtandao wa kutegemewa, na kukiacha usiku mmoja kimalize. Mwenye kutegemea bando la simu ajihadhari, maana visasisho vyaweza kumeza gigabaiti kadhaa. Katika mipangilio ya mtandao anaweza kukiambia kifaa kwamba muunganisho huo hulipiwa kwa kipimo, nacho kitapunguza ulafi. Lakini asiahirishe daima, kwa kuwa visasisho ndivyo hubeba kinga. Na asikizime kwa nguvu katikati ya usasishaji, kwani hapo ndipo mifumo mingi huharibikia.

Hatua ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Watengenezaji wengi hupakia katika vifaa vipya programu ambazo mnunuzi hakuziomba: kinga za virusi za majaribio, michezo, maduka ya mtandaoni, visaidizi vya mtengenezaji mwenyewe. Juu ya hizo, kila programu anayoiongeza mwenye kifaa, iwe ya mazungumzo, ya mikutano, ya muziki au ya kuhifadhi faili mtandaoni, hujipa ruhusa ya kuamka pamoja na mtambo. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka, nalo lina sehemu inayoorodhesha programu zinazojiamsha, pamoja na makadirio ya uzito wa kila moja. Sehemu hiyo imekuwamo katika Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012. Zuia zile usizozihitaji asubuhi. Kuzuia si kufuta. Programu itabaki na utaifungua unapoitaka. Ziache zile za kinga, za sauti na za kiguso cha kuendeshea kishale. Usiyoijua, uliza kwanza, kwani kuuliza si ujinga.

Kuhusu kinga za virusi, Windows 10 na Windows 11 zina kinga yake ya ndani. Ile ya majaribio iliyokuja na kifaa ikiisha muda, nayo ikawa haina kazi ila kudai malipo, iondolewe kwa njia rasmi katika orodha ya programu. Kuweka kinga mbili za nje kwa pamoja, kwa kudhani usalama utakuwa maradufu, ni sawa na kuajiri mabawabu wawili wanaopekuana badala ya kupekua wageni. Vivyo hivyo zile programu zinazojigamba kusafisha na kuharakisha tarakilishi kwa mbofyo mmoja: nyingi huongeza mzigo, na nyingine ni mtego wenyewe.

Hatua ya nne inahusu jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu toleo la 8, Windows ilipewa hila ya kuamka haraka. Mtu anapochagua kuzima, mfumo hauzimi yote. Sehemu ya kiini chake huhifadhiwa kwenye diski kama ilivyo, ili kesho isianze upya. Kwa kawaida hila hiyo husaidia. Lakini kosa likiingia katika sehemu iliyohifadhiwa, hurudi nalo kila asubuhi, na mwenyewe hushangaa kwamba kuzima na kuwasha hakuleti nafuu. Anayetaka mtambo uanze upya kwa ukamilifu achague neno "Restart", si "Shut down". Na kwa mwalimu anayehama kutoka darasa moja hadi jingine, hakuna haja ya kuzima kila mara. Kufunga kifuniko na kukiacha kifaa kisinzie kunatosha, mradi betri iwe na chaji. Kitaamka kwa sekunde chache. Ushauri huu peke yake waweza kukirudisha kile kipindi kizima tulichokihesabu hapo juu.

Hatua ya tano ni kutazama diski na kumbukumbu. Katika dirisha lile lile la Task Manager, tazama matumizi ya diski dakika kumi baada ya kuwasha. Yakibaki asilimia 100 ilhali hakuna unachofanya, na siku za mwanzo zimepita, diski ni dhaifu, imejaa au inaugua. Ikikaribia kujaa, hamisha video na picha. Kuhusu kumbukumbu ya kazi, Windows 11 inadai angalau gigabaiti 4, pamoja na hifadhi ya gigabaiti 64. Wauzaji hupenda kunena kwamba kifaa chenye vipimo hivyo "kinatosha". Kinatosha kuwaka, kufanya kazi bila kukukera ni shauri jingine. Anayenunua leo kwa kazi ya shule atafute gigabaiti 8 na diski ya SSD, hata kama itabidi kipande cha rangi inayong'aa kikosekane.

Lipo pia suala la upya wenyewe. Katika soko la pwani, vifaa vingi vinavyouzwa ni vilivyokwisha tumika Ulaya na kurekebishwa. Si vibaya kuvinunua. Vingine vilitengenezwa kwa uimara kuliko vipya vya bei ya chini. Lakini kipya kwa mnunuzi si kipya kwa diski. Mnunuzi aulize waziwazi ni diski ya aina gani na ni mfumo upi. Asisahau kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba vifaa vingi vya zamani havikubaliwi rasmi na Windows 11. Anayeuziwa kifaa cha namna hiyo kwa jina la kipya ameuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Na hali yetu ya pwani isisahauliwe. Joto la Kilifi, vumbi, na upepo wa bahari wenye chumvi si rafiki wa mitambo. Tarakilishi inapopata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Kuiweka juu ya godoro au kitambaa kinachoziba matundu yake ya hewa, au kuifungia ofisini chini ya bati la moto mchana kutwa, ni kuidhoofisha kwa mikono yetu.

Katika hatua zote hizi, kanuni ni moja: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha pima tena na uandike. Mwenye kubadilisha mambo matano kwa mkupuo, kifaa kikipona hatajua dawa ilikuwa ipi, na kikizidiwa hatajua sumu ilikuwa ipi. Walimu wa sayansi wataitambua kanuni hii papo hapo. Ndiyo ile ile wanayoifundisha wanapowaambia wanafunzi wabadilishe kiwango cha maji kwa mmea mmoja na kuuacha mwingine ulivyo. Kipakatalishi kinachochelewa kuamka ni maabara iliyokwisha lipiwa. Mtaala wetu unataja ujuzi wa kidijitali na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Hapa umilisi wote wawili unakutana juu ya meza moja, bila kemikali wala gharama.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu ana mzigo wa kutosha, na kwamba kumtaka awe fundi ni kumwonea. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Mwalimu mwenye madarasa yenye msongamano na rundo la fomu za kujaza hana saa za kupoteza. Lakini tuyatenganishe mambo mawili. Kufungua mtambo, kubadilisha diski, kuokoa data kutoka diski iliyokufa: hizo ni kazi za fundi, na ziendelee kuwa zake. Diski inayotoa mlio wa kugonga, kifaa kinachojizima chenyewe, kiwambo cha buluu chenye ujumbe wa hitilafu kinachojirudia: hizo ni dalili za kukimbilia msaada, baada ya kunakili faili muhimu mahali pengine. Tena kifaa kikiwa bado chini ya dhamana, kirudishwe kwa muuzaji kabla bisibisi ya mtu yeyote haijakigusa, pamoja na risiti. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 iko upande wa mnunuzi, ila mnunuzi asiye na risiti huingia vitani bila ngao. Kwa upande mwingine, kupima kwa saa, kusubiri visasisho, kuzuia programu zinazojiamsha na kujua tofauti ya kuzima na kuanzisha upya ni kazi ya nusu saa. Nusu saa hiyo huokoa mamia ya nusu saa nyingine.

Wengine watasema kwamba kosa ni la wanaonunua vifaa dhaifu, na kwamba hakuna ustadi wa mwalimu utakaougeuza mkokoteni kuwa garimoshi. Ni kweli. Kwa hiyo ujumbe wetu hauishii kwa mwalimu.

Tunaitaka Wizara ya Elimu na wote wanaonunua mitambo kwa niaba ya shule waandike katika masharti ya zabuni, bila kuficha, aina ya diski, kiwango cha kumbukumbu na muda ambao kifaa hakipaswi kuuzidi tangu kuwashwa hadi kuwa tayari. Muda huo ni rahisi kupimwa; mkaguzi hahitaji shahada, anahitaji saa ya mkononi. Kifaa kitakachoshindwa kipimo hicho siku ya kupokelewa kirudishwe siku hiyo hiyo. Bodi za shule nazo, zinapopanga bajeti ya vifaa, zitenge fungu la matunzo: diski ya kunakilia kumbukumbu za shule, kumbukumbu ya kuongezea vifaa vikongwe, na malipo ya fundi mwenye kutambulikana badala ya yule wa kubahatisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa Kilifi tuna bahati ambayo si kila kaunti inayo. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati kamili mwaka 2013, kiko mlangoni petu, na wamo ndani yake vijana wanaosomea taaluma ya tarakilishi. Si jambo gumu kwa chuo na shule za jirani kukubaliana siku moja kila muhula, ambapo vijana hao watazitembelea shule, kukagua mitambo pamoja na walimu, na kuacha daftari la vipimo litakaloendelezwa na wanafunzi wa chama cha tarakilishi. Kijana wa chuo atapata mazoezi, shule itapata nafuu, na mtoto wa shule atajionea kwamba mtambo si mzimu wa kuogopwa, ni kazi ya mikono ya watu ambayo mikono ya watu yaweza kuirekebisha. Tungependa ziara ya kwanza ianzie katika shule za watoto wenye ulemavu, kwa sababu huko ndiko dakika iliyopotea hugharimu zaidi.

Kwa wanafunzi tuna neno moja. Kizazi chenu kimezaliwa na viwambo mkononi, na wengi wenu mnadhani kwamba kujua kutelezesha kidole ni kujua tarakilishi. Anayejua kupanda matatu hajawa dereva, na dereva hajawa makanika. Atakayeweza kueleza kwa nini mtambo umechelewa, akaonyesha vipimo vyake na akataja alichobadilisha, huyo ndiye aliyeelimika. Ulimwengu anaouendea utakuwa na mitambo mingi kuliko hii, na kila mmoja utakuja na ubishi wake.

Kwa walimu wenzetu, na hasa wale wanaofundisha kwa mikono na uso, tunasema: msikubali kuambiwa kwamba ukawiaji ni tabia ya mtambo, au kwamba dawa ni kufuta kila kitu. Chukueni saa, fungueni daftari, ulizeni. Muhula ujao, kabla ya kengele ya kwanza, pimeni kila kipakatalishi cha shule na muandike dakika zake ukutani mwa ofisi, pale pale panapobandikwa ratiba. Mkuu wa shule ataziona, bodi itaziona, na mkaguzi akija ataziona. Dakika zikishaandikwa, patakuwa na wa kuzijibu.